Hema la Wifi

Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko porini kwenye nguzo zenu za umeme? Sisi hatujambo. Kazini tanuri kubwa liliharibika, tukaoka mikate ya mji mzima kwa lile dogo siku tano, migongo ikatuuma. Bi Mdogo ameng'oka jino la mbele, na sasa akiniita "shangazi" linatoka neno jingine kabisa. Darubini amekuwa wa tatu darasani, ila mwalimu wake analalamika kwamba anatazama dirishani kuliko ubaoni. Nikamwambia mwalimu, mtoto huyu hatukumwita Darubini bure. Anaona ndege kabla wewe hujauona mti aliotua.

Sasa kilichonikalisha kitako nikuandikie. Wiki iliyopita nimerudi kazini saa tisa, nafungua mlango wa sebule, sipiti. Hema! Wanao wamelitoa juu ya kabati wakalisimamisha katikati ya nyumba. Kamba moja wameifunga mguu wa meza, nyingine kitasa cha mlango, na viti vyangu vimebanana ukutani kama wateja wanaosubiri kinyozi. Nikapaza sauti. Bi Mdogo akachomoza kichwa akasema, "Karibu kambini." Darubini naye alikuwemo. Alikuwa amelala chali humo ndani, anatazama juu. Nikamwambia, "Litoe hili." Akanijibu polepole, "Shangazi, bado lina harufu ya Mama."

Basi hema liko pale pale, leo siku ya nane. Wageni nawapokelea jikoni.

Nimeamua nitawapeleka. Likizo inaanza tarehe mbili mwezi ujao, na tutakwenda pale pale mtoni mlipokuwa mkienda na marehemu wifi. Najua utacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nawasema kila likizo: watu wazima, wana nyumba, wana vitanda, wanakwenda kulala chini kama waliofukuzwa! Sijui kupiga hema, sijui kuwasha moto wa kuni, sijui mnyama gani anasalimiwa na yupi anakimbiwa. Niandikie yote, hatua kwa hatua, kama unamwandikia mjinga. Najua simu hazishiki huko na gari la posta linakuja kila wiki mbili. Ukichelewa, nitakwenda hivyo hivyo.

Na usinijibu kwamba niwaache wasahau. Ulishasema hivyo siku unaondoka, nikanyamaza. Sinyamazi mara mbili.

Dada yako


Tarehe 18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya kreti la misumari, nikacheka mpaka mpishi wetu akaja kuniuliza kama niko salama. Wewe! Wewe ambaye mjusi aliingia jikoni ukatoka mbio barabarani, ukaacha keki ya harusi ya watu inaungua!

Mimi mzima. Tumesimamisha nguzo kumi na nne mwezi huu. Nikiwa kule juu naona mbali mpaka macho yanachoka, na hakuna hata bati moja la nyumba.

Haya, sikiliza. Chagua mahali palipoinuka kidogo, na kabla hujatandika kitu, tazama juu: usilale chini ya tawi lililokauka. Mgongo wa hema uupe upepo. Mambo, vile vigingi vya kamba, yapigilie yakiwa yameinama kulia na kushoto, yakisimama wima yatang'oka. Chakula kisiingie hemani hata kipande cha biskuti. Zipu ifungwe wakati wote, hata ukitoka dakika moja. Getini utamkuta askari wa wanyamapori, mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno. Usiogope uso wake. Mwulize chochote, anaijua ile mbuga kama wewe unavyojua unga.

Kuna jambo moja wifi yako alikuwa analishika sana. Asubuhi ya kwanza hakuna kuongea mpaka jua liguse vilele vya miti. Hata mimi alikuwa ananinyamazisha kwa kiganja, kama mwanafunzi wake wa baiolojia. Alikuwa anasema kwamba

Tuyaache hayo.

Usiwaruhusu kupanda na mto kupita ile kona yenye matete. Tembo wanakunywa pale. Hata sisi tulikuwa tukienda wawili tu, watoto tunamwachia askari.

Agosti nitajitahidi nipate ruhusa nije. Na nikuambie ukweli, Dada: nimekuwa na wewe miaka thelathini na nane, na sijawahi kujua kwamba una moyo wa namna hii.

Mdogo wako


Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa mtu aliyelala nje siku nne na hajafa. Huku wote wazima. Bi Mdogo ana upele wa mbu mguu mzima na anauonyesha shuleni kama nishani.

Hema lilituangukia mara mbili. Mara ya kwanza kosa langu, mara ya pili kosa lako, kwa sababu hukuandika kwamba ule ufito wenye utepe mwekundu ndio wa katikati. Darubini alijua tangu mwanzo. Alikaa pembeni ananitazama nikihangaika, halafu akasema kwa heshima zote, "Shangazi, ukichoka niambie." Nikamwambia nimechoka. Akalisimamisha kwa dakika kumi.

Tumbili wamekula mkate wangu. Niliandaa unga kwa mikono yangu, nikaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ukatoka mzuri kuliko wa tanuri. Nikauweka juu ya jiwe upoe. Akashuka mmoja, mzee mzee, akaubonyeza kwa kidole kama fundi anayekagua, ndipo akauchukua. Sikukasirika. Nilifurahi kwamba umepita ukaguzi.

Lakini ninalotaka kukuambia hasa ni ile asubuhi ya kwanza. Unajua mimi ni mwoka mikate, naamka saa kumi kila siku ya Mungu miaka ishirini. Nilidhani alfajiri naijua. Kumbe nilikuwa naijua ya ndani, yenye taa na sauti ya mashine. Tulikaa watatu kwenye mkeka, kimya, kama ulivyoniagiza. Ukungu uko juu ya mto. Akaanza ndege mmoja, kama mtu anayejaribu filimbi. Akajibu wa pili. Halafu sijui ni wangapi, mdogo wangu, sikuweza kutenganisha. Pongo akatoka kwenye kichaka akiwa peke yake, na madoa yake meupe, akanywa maji hatua chache kutoka tulipokaa, akainua kichwa, matone yanadondoka kidevuni. Alitutazama bila wasiwasi, kama sisi ndio tumechelewa kufika. Jua likagusa vilele. Bi Mdogo, ambaye kwangu hanyamazi hata akilala, alikuwa hajatoa neno.

Nilimcheka wifi miaka tisa. Ningekuwa na namna ya kumwomba radhi ningemwomba. Mwanamke yule alikuwa na kitu na mimi nilikuwa nauliza tu kama alibeba sweta za watoto.

Tunarudi Agosti. Tunakusubiri.

Dada yako


Tarehe 3 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Magari matatu ya posta yamekuja na kurudi, na sina hata mstari wako mmoja. Bi Mdogo anauliza kama kwenu wino umeisha. Darubini haulizi, na hilo ndilo linalonisumbua.

Kama unaumwa sema. Kama una hasira nami kwa sababu ya kambi, sema pia. Andika hata salamu tupu.

Dada yako


Tarehe 17 Julai

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, kazi zimekuwa nyingi. Mimi mzima. Hasira sina, nitazipata wapi? Barua yako ya tumbili nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Waambie watoto nimepata rafiki. Nje ya dirisha langu kuna mti, na mnana dume anajenga kiota. Analeta jani moja moja, analichana, analisuka, ananing'inia kichwa chini anafunga fundo kwa mdomo. Asubuhi anaanza kabla ya chai, na saa sita jua likiwa kali bado yupo. Alipomaliza akaja jike kukagua. Aliingia, akatoka, akaondoka zake. Yule dume alikaa kidogo, kisha akakivunja chote, nyasi baada ya nyasi, na saa kumi jioni akaanza upya. Sijapata kuona fundi mwenye subira kama yule.

Agosti sitaweza kuja. Ruhusa imekuwa ngumu.

Mdogo wako


Tarehe 29 Agosti

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu zako na habari za mnana. Darubini ameichora hadithi nzima na kuibandika ukutani. Mimi nimepandishwa kazini, sasa nasimamia zamu ya asubuhi, na kofia wamenipa ndefu zaidi.

Kambi ilikwenda vizuri. Hema lilisimama mara moja tu, bila kuanguka. Siku ya kwanza tuliona viboko kumi na mmoja wamelala kwenye fungu la mchanga kama magunia. Siku ya pili tulikwenda na mama askari, akatuonyesha nyayo za chui kwenye tope, mbichi kabisa, na nikainama kuzitazama bila kuambiwa. Siku ya tatu hatukufanya mengi. Siku ya nne tulifungasha.

Sasa nina swali dogo. Tangu lini fundi wa nguzo ana dirisha? Ulikuwa unalala kwenye turubai na wenzako sita. Na tangu lini anakaa penye dirisha hilo kuanzia kabla ya chai mpaka saa kumi jioni, anahesabu majani ya ndege?

Bi Mdogo anataka kuandika kitu hapa chini, nimempa kalamu.

Dada yako

*Baba hujambo mimi sijambo. Jino limeota. Shangazi amesema tusikuambie habari ya tembo na Darubini. Sijakuambia. Njoo.*


Tarehe 12 Septemba

Dada,

Shikamoo, na hongera kwa kofia.

Habari gani ya tembo? Siku ya tatu ilikuwaje? Niandikie yote, usipunguze.

Mdogo wako


Tarehe 26 Septemba

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na nianze hapo ili moyo wako utulie: wote wawili wazima, hawana hata mkwaruzo.

Bi Mdogo nimemuuliza kwa nini alikuandikia kitu cha namna ile. Ameniapia kwamba hakusema. Nimesoma tena, na kwa hesabu zake ni kweli.

Siku ya tatu, baada ya chai, nilikuwa nakanda unga. Bi Mdogo anafukuzana na mbawakawa wa rangi ya shaba. Nikainua macho, Darubini hayupo. Nikadhani yuko chooni, hayupo. Nikaita. Kule sauti haifiki mbali kama mjini, miti inaimeza. Kulikuwa na mke na mume wamepiga hema jirani, wakamchukua Bi Mdogo. Mama askari akakata njia ya barabarani na bunduki yake. Mimi nikapanda na mto, kwa sababu nilijua yule ni mtoto wa nani. Nilikuwa nimemkataza kule kwenye matete, nikamweleza na sababu. Kumbe kumweleza ndiko kumwelekeza.

Nilikwenda na ndala za jikoni na unga mpaka viwikoni. Sijui nilitembea muda gani. Nilipopita kona nikamwona, amekaa chini ya mti, amekumbatia magoti. Mbele yake, umbali kama kutoka mlango wangu mpaka geti la jirani, wako tembo. Nikahesabu saba. Halafu kitu nilichodhani ni mwamba kikapepea sikio.

Hakugeuka. Alinyanyua kiganja tu: simama. Mdogo wangu, ni kiganja kile kile. Wewe mwenyewe ungekitambua. Kisha akaniita kwa vidole, polepole. Nilitaka kukimbia, na nilijua kabisa kwamba nikikimbia yeye atabaki. Basi nikakaa chini nikajikokota kwa makalio kama mtoto asiyejua kutambaa, mpaka nikamfikia. Akaninong'oneza, "Upepo unatoka kwao kuja kwetu. Hawajatunusa. Tukitulia wataondoka wenyewe." Anatetemeka, na bado ananifundisha.

Nikamshika. Tukatulia. Na baada ya muda, sijui ni lini, nikagundua kwamba siogopi tena, natazama. Walikuwa wameingia majini nusu, chini weusi, juu wa rangi ya vumbi. Masikio yao yamechanika pembeni kama kanga ya zamani. Kuna mmoja mdogo hajui matumizi ya mkonga wake. Anaukanyaga, anauzungusha, anautia majini, anashtuka akipiga chafya. Mama yake anamsogeza kwa mguu, taratibu, mguu ule ambao ungeweza kubomoa nyumba. Matumbo yao yananguruma, na mngurumo huo huusikii kwa masikio, unausikia hapa kifuani. Kisha jike kubwa akatugeukia akatandaza masikio. Nikaona kope zake. Sikujua tembo ana kope, tena ndefu, kama mtu aliyejipamba. Alitutazama. Naye akashusha masikio, akajimwagia maji mgongoni, akageuka, kana kwamba ametusoma akakuta hatuna neno. Wakavuka mto mmoja mmoja, mdogo katikati. Ilichukua saa nzima.

Walipopotea nikamshika mabega. Nilikuwa nimeandaa kofi, na maneno ya mwaka mzima. Akaniwahi. Akasema, "Mama alisema atanileta hapa nikitimiza miaka kumi na moja. Nimetimiza mwezi uliopita."

Kofi likaniishia mkononi.

Tulirudi yeye ndiye ananishika mkono. Mama askari alitugombeza wote wawili, na mimi zaidi, na alikuwa na haki. Darubini amelia, ameomba msamaha, hatakwenda tena peke yake. Amemwahidi askari, na mwanao akiahidi amemaliza.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa utasema wasirudi tena. Na mimi, mdogo wangu, nataka kurudi.

Nimesema yangu yote. Sasa zamu yako. Dirisha.

Dada yako


Tarehe 24 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Hili ni jaribio la tano, manne nimeyatupa.

Sina hasira. Ningekuwa nazo ningeona haya kuzitoa, baada ya kusoma kwamba mtu aliyemkimbia mjusi amejikokota chini kuelekea tembo wanane kwa ajili ya mwanangu. Nimesoma mahali pale mara nyingi. Nimewasomea wenzangu. Mpishi amesimama akavua kofia.

Ile ahadi ya miaka kumi na moja sikuijua. Mama yake hakuniambia, au aliniambia nikiwa nawaza mengine. Ningekuwepo mwezi ule ningeweza kuuliza.

Dirisha ni la hospitali. Tarehe 21 Mei tulikuwa tunainua nguzo, mnyororo ukakatika, nguzo ikateleza. Wenzangu waliruka. Mimi niliruka pia, ila mguu wa kulia ulichelewa. Wamenikata chini ya goti. Niliwakataza wakubwa wa kazi wasikuarifu, nikawaambia nitaandika mwenyewe. Nilikaa wodini miezi mitatu na mnana wangu. Sasa nimerudi kambini, nafanya kazi ya mezani, napokea vifaa na kuviandika. Nina magongo, na kuna mguu wa bandia ninaoujaribu, unaniuma kama kiatu cha kuazima.

Usinionee huruma, Dada, nimechoka nayo. Ninachoogopa ni kimoja. Wale watoto wananijua mimi ni yule anayewabeba mabegani wote wawili kwa pamoja kuvuka maji. Nikija nitakuwa mzigo mmoja zaidi wa kupakia kwenye gari, na sasa hivi ninyi mnajitosheleza. Barua zako zimenionyesha hilo. Unafanya yote ambayo mimi na mama yao tulifanya, na unayafanya peke yako.

Usiwaambie bado.

Mdogo wako


Tarehe 22 Novemba

Mdogo wangu,

Kwanza nililia. Nilikwenda kulilia stoo ya unga ili zamu yangu wasinione, nikatoka mweupe kama mzuka, wakaniona wote. Hilo tumelimaliza.

Pili, nimewaambia. Nisamehe au usinisamehe. Nilishaficha jambo moja nyumba hii nikaona lilivyotoka.

Bi Mdogo aliuliza kama mguu ule unavuliwa wakati wa kuoga, na kama ataruhusiwa kuushika. Nimemwambia akuulize mwenye mguu. Darubini aliingia chumbani. Nikasikiliza mlangoni, hakuna kilio. Alitoka na barua, akaniomba bahasha. Amemwandikia mama askari. Nilidhani amemweleza huzuni zake, kumbe amemwomba atembee kutoka pale gari linaposimama mpaka kila mahali, ahesabu hatua, na aandike palipo na mawe. Jibu limekuja jana, kwa mwandiko kama wa ripoti: gari mpaka hemani, hatua sitini na mbili, tambarare. Hemani mpaka chooni, arobaini, ukingo mmoja mdogo. Hemani mpaka ukingo wa chini wa mto, mia nne na kumi, mahali pawili pabaya, "mzazi apumzike hapo." Na chini kabisa: "Aje. Desemba kuna kitu cha kuona."

Umeandika kwamba tunajitosheleza. Ndiyo, tunajitosheleza. Ndiyo maana hatukuiti uje kubeba mtu. Tunakuita kwa sababu ni baba yao, na mimi ni dada yako. Mwanamume aliyelala kitandani miezi mitatu, amekatwa mguu, na akaweza kuwaandikia wanawe habari za ndege bila kulalamika hata neno moja, mimi namwonea fahari. Kuficha kwako sikupendi. Moyo wako naupenda.

Tunaondoka tarehe kumi na tisa Desemba. Nafasi ya mbele kwenye gari ni yako, ile unayoweza kunyoosha mguu.

Dada yako


Tarehe 9 Januari

Dada,

Shikamoo, na poleni kwa safari ya kurudi. Mimi nilifika salama. Watoto wameanza shule? Bi Mdogo amewaambia wangapi mpaka sasa kwamba ameugonga mguu wa baba yake kwa kijiko na hakusikia?

Kuna mambo ya kule mtoni sikukuambia. Mengine hukuyaona kwa sababu ulikuwa nyuma yetu, umebeba chupa ya chai na kulalamikia viatu.

Zile hatua mia nne na kumi zilinichukua karibu saa nzima. Kila nilipopiga gongo, Darubini alikuwa mbele yangu, hanigeukii, hanishiki, anahesabu kwa sauti ya chini. Kwenye mawe ya kwanza nilianguka. Ulinyanyua chupa ukataka kuja, yeye akakunyooshea kiganja. Nilikaa pale chini nikasubiri mtu aseme pole. Hakuna aliyesema. Bi Mdogo akakaa kando yangu, akanionyesha siafu waliokuwa wanavuka njia, akaniuliza kama wanajua wanakokwenda au wanamfuata tu wa mbele. Nikaanza kumjibu, na nilipomaliza kujibu nilikuwa nimeshasimama.

Halafu tukafika. Dada, nimepanda nguzo miaka kumi na tatu, nimeona mabonde na milima ambayo watu hawajaiona, lakini sijaona kitu kama kile. Ukingo mzima wa mto una matundu, na kila tundu lina keremkerem. Maelfu! Wekundu kama makaa, koo za bluu, wanatoka, wanageuka hewani wote kwa pamoja, mto unakuwa mwekundu, unazimika, unawaka tena. Na Darubini akaanza kunieleza: wanachimba wenyewe kwa mdomo na miguu, tundu linaingia ndani urefu wa mkono wa mtu mzima, na ndugu waliokosa makinda mwaka huo huwasaidia wenzao kulisha wa kwao. Alieleza kwa ile sauti, unaijua, ya mtu anayeshika chaki. Ametoa wapi? Wewe humjui keremkerem. Mimi sikumfundisha.

Niliponyanyua macho nikakuona wewe. Ulikuwa umesimama, chai umeisahau inamwagika kikombeni, umeachama mdomo kama mtoto. Ndipo nikashindwa. Bi Mdogo aliniuliza, "Baba, unalia kwa sababu ya ndege?" Nikamwambia ndiyo, ni wazuri sana. Hilo lilikuwa kweli. Lakini nilikuwa pia nawalilia ninyi watatu, jinsi mlivyosimama pale. Nilikimbia nyumba ile nikidhani kilichobaki ndani yake ni pengo tu. Sikujua kwamba ninyi mlikuwa mnaendelea kuwa watu wa kutazamwa.

Jana niliingia ofisini nikawaambia wakubwa kwamba mwezi huu ni wa mwisho. Chuo cha ufundi hapo mjini kwenu wanatafuta mtu wa kufundisha vijana kazi ya nguzo. Wameniuliza kama nina tatizo lolote la kiafya. Nimewajibu kwamba vijana wakiniona watafunga mikanda yao vizuri bila kuambiwa mara mbili. Wamenichukua.

Nashuka stesheni Jumamosi, tarehe mbili Februari, asubuhi. Msije kunipokea. Nataka kutembea mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Nikichelewa, msitoke kunitafuta. Anzeni kunywa chai, mlango muuache wazi.

Mdogo wako